Machicha ya Kahawa kwenye Kitalu cha Mama Mkwe

Nakumbuka kitalu cha kabichi cha mama mkwe wangu, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu hapa Masisi. Mama mkwe akaitwa aende Mubi, kwa binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua. Kabla ya kupanda pikipiki alinishika mkono.

"Mbegu ilikwisha yote. Hii miche njo musimu wetu. Nakuachia." Yaani miche ile ndiyo ilikuwa mavuno yetu yote ya msimu ule.

Nami nilitaka arudi akute maajabu. Wakati huo nilikuwa naosha vyombo jikoni kwa mapadri, ambako machicha ya kahawa yalitupwa ndoo kwa ndoo. Mpishi aliniambia yanalisha udongo. Hakunidanganya, maskini, mimi ndiye ambaye sikungoja amalize kusema. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilibeba ndoo nzima, machicha yangali mabichi, nikayamwaga yote juu ya miche ile midogo.

Siku ya nne majani yakageuka manjano. Nikadhani miche ina njaa, nikaongeza ndoo ya pili! Juu ya udongo pakafanyika gamba jeusi. Nikimwagilia, maji yanateleza pembeni. Kula sikuweza. Nilijiona nimerudishwa kwetu na kapu langu, watu wakisema yule bibi harusi alishindwa hata kulinda kabichi.

Na msaada ulikuwa unapita mlangoni kila asubuhi. Mama Zawadi, jirani yetu mfugaji, alituletea maziwa, na bustani yake ilistawi kwa samadi ya ng'ombe wake. Nikisikia hatua zake, nafunika kitalu kwa majani ya migomba na kusimama mbele ya majani hayo nikichekacheka.

"Miche iko muzuri?" aliuliza.

"Iko muzuri, Mama."

Mficha maradhi kilio humfichua. Msemo huo niliujua tangu utotoni, lakini kuujua ni kitu kimoja, kuufuata ni kingine.

Mama mkwe alirudi siku ya tisa, akafunua majani mwenyewe. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, hata ile ndoo ya pili. Alimwita Mama Zawadi, naye akakwangua gamba kwa kijiti.

"Ilikuwa ya kuchanganya na mbolea ya ng'ombe, ioze kwanza," Mama Zawadi akasema. "Ungeniambia tu, mutoto."

Miche iliyopona ingejaa kiganja kimoja. Nikasubiri kufukuzwa. Mama mkwe akaniinua.

"Mbegu tutaomba kwa watu. Lakini siku kenda ulilala na woga peke yako mu nyumba yangu. Hiyo njo inaniuma. Miye niko nani kwako?"

Nililia tu.

Sasa nakuona nawe umejaza mfuko mzima wa machicha, na wasiwasi wangu umeamka. Yachanganye na samadi na majani makavu. Yaache yaoze mpaka harufu ya kahawa iishe, kisha tia kidogo, mbali na shina. Na jambo likikuharibikia, bustanini au kwenye ndoa, usikae nalo peke yako. Njoo ungali na hofu hiyohiyo. Kukasirika nitakasirika, ila mlango sitaufunga.

Mungu akubarikie mikono, akupe mvua ya kiasi, na asikunyime kamwe mtu wa kumwambia.