Alikolala Dada wa Rutaihwa

Shangazi Jovita hakuwa akitafuta sifa za ukoo. Alikuwa akitafuta mahali pa kuzikwa.

Aliolewa Nshamba akiwa binti, akakosa mtoto, mume akamrudisha kwao Ijumbi. Tangu hapo amelima kibanja cha baba yake, shamba letu la ukoo, akapalilia migomba, akachuma kahawa, na sisi watoto wa kaka yake akatulea. Mwaka huu moyo ulipoanza kumsumbua, alimwita kaka yangu Karugendo, mrithi wa kibanja, akamwomba azikwe humo, karibu na kaburi la babu yake Rutaihwa. Karugendo anaishi Bukoba mjini na kichwa chake ni kigumu kama jiwe la kusagia. Akasema mila ni mila: binti akishaolewa, kaburi lake liko kwa mume.

"Mume yupi?" nilimuuliza. Akachukua funguo za gari, akaondoka. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Ndipo Shangazi alipoanza kufuatilia habari za Rutaihwa, apate kujua kama mila hiyo iliwahi kuvunjwa. Mzee yule alizaliwa kabla Wajerumani hawajafika, akawazika ndugu zake wote, akaishi hadi akaiona bendera ya uhuru. Shangazi alimkuta kikongwe. Alichokikumbuka zaidi ni kwamba kila asubuhi mzee alijikongoja hadi kwenye mulamula, mti tunaoupanda mipakani na makaburini, akaweka kahawa ya kutafuna chini yake na kusema maneno polepole. Nyumbani walimcheka, eti analinda mpaka jirani asiumeze.

"Mpaka haupewi kahawa," Shangazi aliniambia. "Kahawa hupewa mtu."

Tukaenda Kanazi kwa Mzee Rugemalira, jirani yetu wa zamani, ambaye siku hizi anakaa kwa mwanawe. Karugendo ndiye aliyetupeleka kwa gari lake, akinung'unikia mafuta njia nzima. Mzee alimsikiliza Shangazi hadi mwisho.

"Nikisema hili wanangu watanilaumu," alisema. "Pale amelala Kokugonza, dada yake Rutaihwa. Mume alimrudisha kwa kukosa mtoto. Alipokufa, ndugu wakakataa azikwe ndani ya kibanja. Rutaihwa akamzika ukingoni kabisa, akampandia mulamula."

Shangazi aliinamisha kichwa. Karugendo akakohoa, akamgeukia mzee.

"Basi, Tata, mila ndiyo hiyo. Hata huyo aliwekwa mpakani."

"Sijamaliza, mwanangu. Rutaihwa aliishi. Ndugu waliokataa wakafa mmoja mmoja, yeye akabaki. Hapo akaja kwa baba yangu na ng'ombe, akaomba kipande cha ardhi ng'ambo ya ule mti, dada yake asibaki mpakani. Mpaka wenu ni ule mtaro wa chini. Yeye alipofariki watu wakasahau, na sisi tukajipandia. Ndizi tunazokata pale ni zenu, waitu," alisema kwa neno letu la heshima.

Karugendo alimwomba mzee arudie ule mpaka ulipo. Kwetu watu humsifu Rutaihwa kwa umri wake, kana kwamba miaka ile ilikuwa bahati tu. Mimi sasa naamini aliing'ang'ania kwa sababu alikuwa na dada nje. Nilimwonea fahari, na machozi yalinitoka mbele za watu.

Tuliporudi Ijumbi, Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye mulamula. Akapiga magoti, akaweka kahawa chini ya shina. "Kasinge, waitu," alimwamkia. Karugendo alisimama nyuma yake, akiukwanyua ule mti majani makavu, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Shangazi," akasema, macho yakiwa kwenye majani, "siku ikifika, ungependa upande upi?"

Nilijua atachagua upande wa nyumba, aliko Rutaihwa, kwani ndicho alichokuwa akikililia tangu mwanzo. Akanyoosha mkono kuelekea mtaroni.

"Huku nje," alisema. "Safari hii Kokugonza awe ndani."