Alifuta kwa Kitambaa au kwa Kidole?

Mvua ya asubuhi imekatika sasa hivi na ngazi za jengo bado zina maji. Kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa ya kwanza, Shangazi Washa amevua viatu, amekaa kwenye stuli, na sikio lake moja liko karibu kabisa na kompyuta nzee iliyokuwa nyeupe enzi za ujana wake.

"Feni inakohoa," anasema. "Hilo si tatizo. Hata mimi nakohoa na kazini nimekuja."

Mwenye kompyuta hacheki. Ni mdarizi, mzee mrefu mwenye uzi wa kijani ulionasa kwenye mkono wa shati, na amesimama nyuma ya fundi kofia ikiwa mikononi.

Shangazi anaizima mashine na kuiwasha upya. Ilitakiwa isimame kwanza, itoe orodha na kuuliza: leo unataka mfumo wa zamani au mfumo mpya? Haiulizi. Inapitiliza moja kwa moja hadi kwenye mfumo mpya, kana kwamba ule wa zamani haujawahi kuishi humo ndani.

Na kwenye ule wa zamani ndiko yaliko maua.

Ni maua ya kudarizi, ya shingo za magauni na pindo za mashuka. Mke wa mzee huyu aliyachora yote tangu watoto wao hawajaanza shule, kwa programu ambayo haikubali kufunguka kwenye mfumo mwingine wowote. Siku hizi mikono yake inatetemeka. Kalamu anaishika, ila mstari haumtii tena. Karatasi alizoanzia zililiwa na mchwa.

"Nikirudi bila maua, dada yangu, ni afadhali nisirudi," anasema mdarizi.

"Usirudi uende wapi? Hapa hapana nafasi, na wewe kwa kukutazama tu naona unakoroma. Vuta kiti, mzee. Tutayatafuta."

Jina la Washa alipewa na wateja, kwa sababu malalamiko yoyote wanayoleta, yeye hujibu neno moja: "Washa." Hataki kusimuliwa ugonjwa. Anataka kuuona.

Kazi hii hakuichagua. Alikuwa mpiga chapa ofisini, mwepesi wa vidole, mwenye taipureta iliyokuwa ikisikika hadi barabarani. Kisha ofisi ikanunua kompyuta ya kwanza.

"Weee, ilipokelewa kama bibi harusi!" anakumbuka, macho yakicheka. "Ilipewa chumba chake, pazia zito, feni, na kitambaa cha kujifunika usiku. Kuingia humo unavua viatu mlangoni. Bosi mwenyewe anaingia na soksi, moja imetoboka, na hakuna wa kumcheka. Mashine moja iliingia kwa mlango wa mbele, na sisi wapiga chapa wanne tukatoka kwa mlango wa nyuma."

Miezi ya mwanzo aliuza maandazi nje ya karakana ya kompyuta. Maandazi yakidoda, anaingia ndani kuwatazama mafundi. Baadaye akawa anafagia, kisha anashika tochi, kisha anashika bisibisi. "Nilitaka nimjue vizuri aliyenifukuza kazi," anasema. "Nilipomjua nikagundua ni mwoga tu. Ukimpulizia vumbi, anatulia."

Mpaka leo anavua viatu. Hakuna aliyemwagiza. Miguu yenyewe ndiyo imezoea.

Wiki ikiwa nzuri huletewa mashine sita au saba. Mbaya ikija, moja, na hiyo moja huwa ya jirani. Vijana wengi wanatumia simu, na kompyuta ikizeeka wananunua nyingine. Kwake hubaki watu wa aina ya huyu mdarizi, wenye kitu ambacho hakihamishiki.

Ukutani, juu ya meza, amebandika kadibodi yenye maandishi makubwa: HAPA HATUFUTI. TUNAPANGUSA AU TUNAONDOA.

Kadibodi hiyo ina sababu. Mteja mmoja aliwahi kumwachia mwanawe kompyuta na kumwambia, "Uifute vizuri, wageni wanakuja." Mama alikuwa na maana ya vumbi. Mwana alikuwa na maana yake. Wageni walipofika, walikuta kompyuta imejaa vumbi vile vile, na picha zote za familia hazipo.

Ndiyo maana mdarizi anapoanza kueleza kilichotokea nyumbani, bisibisi ya Shangazi inagota hewani.

"Mkwe wangu aliniletea diski ya pili na mfumo mpya kwenye flashi," mzee anasema. "Lengo ni bibi aweze kuwaona wajukuu wakipiga simu ya video. Ule wa zamani hauwezi tena. Akasema mfumo mpya ukae kwenye diski mpya, wa zamani usiguswe, uchague mwenyewe ukiwasha. Na mfumo wenyewe unaongea Kiswahili, nikasema kumbe rahisi! Nikaenda hatua kwa hatua. Ikaniandikia: futa diski. Nikafuta."

Shangazi anaiweka bisibisi mezani. Hata feni inaacha kukohoa.

"Mzee wangu," Shangazi anasema polepole, "ulifuta kwa kitambaa au kwa kidole?"

"Kwa kitambaa."

Shangazi anashusha pumzi.

"Halafu kwa kidole."

Pumzi inapanda tena.

"Si iliniambia mara mbili!" mzee anajitetea. "Mara ya kwanza nikasema, aa, mashine ya kiungwana hii, inaomba usafi. Nikazima, nikafungua kava, nikafuta diski zote, ya zamani na mpya, na huko ndani palikuwa pachafu kweli. Nikafunga. Kuwasha, inaniandikia tena: futa diski. Nikaona hii sasa ni dharau. Nikabonyeza ndiyo."

"Ulibonyeza ndiyo kwenye diski ipi?"

"Iliyokuwepo."

"Zilikuwa ngapi kwenye orodha?"

Mzee anaikunja kofia, anaikunjua. Hakumbuki. Anampigia mkewe, anaweka sauti ya juu ili fundi asikie.

"Mama, ile siku ya kompyuta, pale penye kufuta, ziliandikwa diski ngapi?"

"Mimi nijulie wapi?" sauti ya bibi inatoka, kali na changamfu. "Mimi najua kitambaa tu. Alichukua cha meza yangu, kile cheupe. Wewe ndiye fundi? Usimpige, mwanangu. Alitaka kunifurahisha."

"Simpigi, mama. Kwanza yuko mbali kidogo, sifiki."

Bibi anacheka. Halafu anauliza jambo ambalo mumewe alikuwa analikwepa tangu asubuhi. "Maua yangu yapo?"

"Bado sijui, mama. Baki hapo hapo, usikate."

Shangazi anafungua kava. Mzee alisema kweli: ndani panang'aa, hakuna hata chembe ya vumbi. Diski mpya imekaa vizuri. Ya zamani pia ipo mahali pake, inameta. Anashusha tochi, anafuata kwa kidole ule waya wake bapa, mpana kama utepe wa shanga.

Kisha anaanza kucheka. Anacheka mpaka anashika meza.

"Nini?" mzee anauliza. "Nini sasa?"

"Njoo uone. Huu waya ulikuwa umeng'oka. Uliusugua kwa juhudi mpaka ukautoa. Kwa hiyo ulipowasha mara ya pili na kubonyeza ndiyo, mashine haikuiona diski ya zamani kabisa. Ilifuta ile mpya tu, ambayo haikuwa na kitu. Na kwa sababu haikuuona mfumo wa zamani humo ndani, haikuandika orodha yoyote ya kuchagua. Mzee, usingeleta kitambaa, kidole kingemaliza maua yote."

"Nimewaambia mimi!" bibi anapaza sauti kwenye simu. "Kitambaa changu!"

Kilichobaki ni kazi ya mikono, na mikono yake haina haraka. Anaubana waya, anawasha. Diski ya zamani haionekani. Mdarizi anakaa chini. Shangazi anazima, anauchomoa waya tena, anaunyoosha kwa kibano msumari mmoja mwembamba uliopinda kwenye tundu la diski, anaurudisha waya. Safari hii diski inazunguka, kwa ule mlio wa kukwaruza ambao zamani ulijaza ofisi nzima.

"Sikiliza," anasema, amefumba macho. "Siku hizi mashine zinafanya kazi kimya kama zimenuna. Hizi zilikuwa zinakuambia ziko wapi."

Anaingia kwenye mfumo mpya, anauamuru utafute upya diski zote na kuandika orodha ya kuchagua. Anaupata ule wa zamani. Anazima, anawasha. Orodha haitoki: mashine imesahau ianze na diski ipi. Anachungulia, anang'oa betri ndogo ya duara.

"Hii ndiyo inayotunza kumbukumbu yake. Imekufa zamani."

"Kama kifungo cha koti," mzee anasema, akiigeuza vidoleni.

"Koti lako hilo halifungi tena." Anaweka nyingine, anaipangia mashine mwanzo wake, anawasha.

Orodha inatokea: mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Anamsukumia mzee kibodi. "Bonyeza mwenyewe. Ule wa chini."

Mfumo wa zamani unafunguka taratibu, na wimbo wake mfupi wa kuwaka unalia kwenye spika. Mzee anafungua programu, na maua yanajipanga kwenye skrini, safu baada ya safu.

"Lile la majani matatu lipo?" bibi anauliza kwa sauti ya chini.

"Lipo. Jani moja limepinda."

"Nililichora mtoto ana surua, nimempakata. Akanisukuma mkono. Nikaliacha hivyo hivyo, likapendwa kuliko yote."

Shangazi anajifanya anatafuta bisibisi ambayo ameishika mkononi. Kisha ananakili maua yote kwenye flashi mbili, moja ya mzee, moja ya bibi, "ili mkigombana kila mtu awe na yake."

Jirani yake, mpiga picha, anahama mwisho wa mwezi, na Shangazi ameshaongea na mwenye jengo kuhusu chumba hicho. Anataka kupanga humo mashine za kila rika, kila moja na mfumo wake, nzima na zinawaka, ili mtu mwenye diski ya zamani aje aifungue.

Anamsimulia mdarizi mpango huo, na bibi anausikia kwenye simu. Bibi anasema ana diski laini mbili kabatini, zile bapa za kizamani, za maua ya mwanzo kabisa, kabla hata hawajaoana, na hajawahi kuona mashine ya kuzisoma tangu hapo.

"Mama, usimpe huyu azilete, atazipangusa," Shangazi anasema. "Zilete mwenyewe. Nitaweka viti viwili mbele ya kila mashine. Mtu akifungua vitu vyake vya zamani, lazima awe na wa kumwonyesha."