Himself Mbili

Mume wangu alikuwa mkata mkonge karibu na Voi. Asubuhi moja panga lilimteleza likaingia mguuni, juu ya goti, na damu ikamwisha kabla ya kufikishwa hospitalini. Mimi na shemeji yangu, mdogo wake, tulimkuta ameshafunikwa shuka.

Daktari Mzungu alitaka kujua ilivyotokea kabla ya kutukabidhi maiti. Nilikuwa nimefika darasa la nne misheni, nikaona siku hiyo Kiingereza changu kimpe marehemu heshima. Miaka ile panga likiua mtu, swali la kwanza lilikuwa nani alilishika. Nilitaka ieleweke hakukuwa na mwingine. Kwetu tungesema alijikata mwenyewe. Basi nikasema, "He cut himself." Halafu, kwa ajili ya lile "mwenyewe," nikaongeza, "Himself."

Daktari akaweka kalamu chini. "On purpose?"

Neno hilo sikulijua. Nikajibu "yes," kama tulivyozoea kuwajibu Wazungu.

Shemeji hakujua Kiingereza, lakini aliuona uso wa daktari. "Shemeji, umemwambia nini?"

Dresa wa pale, mfunga vidonda wa daktari, mzee wa Kiislamu wa Voi mjini, alikuwa akikunja bendeji. Akanigeukia. "Mwanangu, unasema mumeo alijiua?"

Nikafikiria nyumbani kwao mume wangu. Huko Chawia baba yake alikuwa amezikwa kwenye uwanja wa kanisa, na mwalimu wa kanisa hakuwa akimwombea mtu aliyejitoa roho, wala kumruhusu alale pale.

"Mungu apishe mbali! Panga liliteleza!"

"Basi himself moja ingetosha," akasema. "Moja ni ajali. Mbili, umemtia nia. Kiingereza chako hiki kitamfunga marehemu! Mguu si wake? Sema his."

Nikasema polepole, "He cut his leg." Nilitaka kuendelea, lakini Kiingereza kikanikauka mdomoni, nikaonyesha kwa mkono jinsi panga linavyoteleza kwenye jani lenye umande. Dresa akamalizia yaliyobaki. Daktari akachukua kalamu, akaandika.

"Pole, mama," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe nakwenda na yeye."

Alitaka kusema nimchukue, lakini ilisikika kama ananituma nimfuate kaburini, nikacheka. Nasema kweli, mume wangu amelala pale chini ya shuka, nami nikacheka mpaka shemeji akanishika bega akidhani akili imeniruka.

Tulimpandisha kwa lori la mkonge hadi barabara ilipoishia, kisha wanaume wakambeba. Chawia kulikuwa na ukungu. Mwalimu alimwombea bila kuuliza kitu, tukamlaza kando ya baba yake.

Kulia nililia baadaye, peke yangu, migombani. Pale kaburini nilikuwa nikivuta pumzi tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.