Mdomo wa Urbano

Pale Mandewa, ukipeleka alizeti kukamuliwa kwa Urbano, huongei na Urbano. Unaongea na mkewe, Luciana. Yeye ndiye anayepokea magunia, anauliza habari za nyumbani na kucheka panapostahili kucheka. Urbano yuko ndani na mashine yake. Kelele ile inayowafanya wengine wazibe masikio yeye anaishi nayo kutwa nzima, maana haimuulizi ameamkaje.

Tangu waoane, Luciana alikuwa akisalimia kwa niaba ya watu wawili. Mzee akipita, anampa shikamoo yake kisha anaongeza, "Na Baba Antipasi anakuamkia." Baba Antipasi mwenyewe, yaani Urbano, macho yake yako kwenye mnyororo wa baiskeli ya mzee. Msibani Luciana alishika mikono ya wafiwa wote, mumewe akabaki nje ameegemea ukuta. Watu walisema ana maringo, wengine amerogwa, wengine mkewe kamkalia. Hilo la mwisho Luciana hakulikanusha kwa nguvu sana.

Wakibaki wawili, alimtafsiria watu. Kwamba Simoni, kaka yake Urbano, aliposema "karibu tena" alikuwa anamuaga. Kwamba yule mteja hakuwa anatania, alikuwa amekasirika. Urbano alisikiliza na kukubali kila neno, hakuuliza mara mbili. Wanawake wangapi wana mume anayewaamini hivyo? Luciana alichoka, ndiyo, na alilalamika sana kwa dada yake kwenye simu, lakini ungemwambia amwachie mtu mwingine kazi ile angekutolea macho.

Basi mwaka huu akaja mpangaji katika chumba cha uani, mwalimu Yasinta, anayefundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi. Siku ya kwanza tu alimkuta Urbano uani, akamuuliza bila hata salamu, "Hii mbegu nyeusi na ile yenye michirizi, ipi ina mafuta mengi?" Luciana alikuwa anaosha vyombo. Akamwona mwanamke asiye na adabu. Urbano akajibu, akaendelea kujibu mpaka ugali ukapoa.

Ikawa ndiyo desturi. Jioni mwalimu anachambua mchicha kizingitini kwake, Urbano kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anaongea huku anatazama ukuta. Siku moja Luciana alisikia mwanaume anacheka uani, akatoka haraka akidhani kuna mgeni. Hapakuwa na mgeni. Alikuwa mumewe, na kicheko kile yeye hakukijua.

Kisha likaja lile neno. Urbano alilileta mezani wakati wa kula.

"Mwalimu anasema kuna watoto shuleni kwake wako kama mimi. Inaitwa usonji. Wengine wanaongea vizuri na kusoma wanasoma, zamani hao walisemwa wana Asperger. Anasema yeye si daktari, ila hawa hawakurogwa. Wamezaliwa hivyo."

"Kwani mimi nilikwambia umerogwa?"

"Hapana. Uliniambia nivumilie watu."

Luciana alirudisha tonge lake sahanini. Miaka yote ile amembeba mtu huyu mdomoni mwake, halafu anakuja mwingine na neno moja la darasani na mume anakula leo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwonea wivu mwalimu. Mwalimu angekuwa anamtaka Urbano kwa mambo ya kitandani, Luciana angejua pa kuanzia. Angemtupia vyombo vyake nje na mtaa mzima ungemsaidia kubeba. Lakini mpangaji utamfukuzaje kwa kosa la kuongea na mumeo?

Kilichommaliza Luciana ni kikao cha wazazi. Mwalimu alimwomba Urbano aje shuleni Ijumaa awaeleze wazazi wa watoto wale, japo kwa maneno machache, jinsi yeye alivyokua. Na Urbano, ambaye hata sherehe ya ubatizo wa mwanawe aliikimbia, akakubali.

"Utaenda na nani?" Luciana aliuliza.

"Mwenyewe. Mwalimu atanionyesha kiti."

Kesho yake asubuhi, wakati mumewe anapangusa mashine, Luciana alisimama mlangoni akasema kwa sauti ile ile anayotumia siku zote kumweleza mambo ya watu, "Baba Antipasi, mwalimu anaona aibu kukwambia. Jana amenieleza kwamba unamchosha na maongezi. Na shuleni ameona bora usiende."

Urbano aliacha kupangusa. "Sikujua namchosha," akasema. Kisha, "Asante kwa kuniambia."

Ile asante ilimchoma. Lakini tusidanganyane, alifurahi pia, na jioni akachinja jogoo.

Kuanzia hapo mwalimu akitoka chumbani, Urbano anaingia ndani. Luciana alidhani maneno aliyokuwa akimpa mwalimu sasa yatarudi kwake. Akakaa yeye kizingitini na mchicha wake. Akauliza habari za mbegu nyeusi. Urbano akamjibu, "Wewe unajua," na ilikuwa kweli.

Ijumaa jioni Yasinta alirudi kutoka kikaoni, akawakuta mume na mke wanajaza mashudu kwenye magunia.

"Baba Antipasi, leo tumekusubiri," akasema. "Nimekukosea nini?"

"Ulisema nakuchosha. Mama Antipasi alinieleza."

"Sijasema hivyo. Sijasema kwake wala kwa mtu yeyote."

Luciana aliinama juu ya gunia. Angeweza kusema walielewana vibaya, lakini mume yule ukimpa jibu la kuzungusha atalifuata mpaka mwisho. "Nilidanganya," akasema. "Niliona wivu."

Alingoja hasira. Urbano hakukasirika. Alichomeka koleo lake kwenye mashudu.

"Na mama yangu?" akauliza. "Alisema kweli amenisamehe?"

Mama yake alifia Mtinko. Siku za mwisho Urbano alishindwa kuingia chumbani kwa sababu ya harufu ya dawa na vilio vya watu, akakaa nje uani huku ndugu wakimsema. Siku moja Luciana alipobaki peke yake na mgonjwa, mama yule alimshika mkono akamwambia, mwambie mwanangu sina kinyongo naye, najua alivyo. Luciana alitoka na maneno hayo akamfikishia mumewe bila kupunguza wala kuongeza, na ndiyo Urbano aliyotembea nayo tangu mazishi.

"Alisema," Luciana alijibu. "Haki ya Mungu, Baba Antipasi, alisema hivyo hivyo."

Urbano alimtazama machoni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yao. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Anasema kweli?"

Luciana naye akamgeukia mwalimu, akamwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Sijui, Baba Antipasi," Yasinta alisema. "Mimi sikuwepo."

"Nani mwingine alikuwepo?"

Luciana akafungua mdomo. Chumbani mle walikuwa wawili tu, yeye na marehemu.