Picha Nilizomsimulia Baba

Baba alipohamia kwangu Pasiansi, jijini Mwanza, miezi michache baada ya mama kufariki, alikuwa bado anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita mbele yake. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba presha ya macho ikishaharibu imeharibu. Kilichobaki ni kutia matone asubuhi na jioni, ili kidogo kilichopo kisiondoke haraka. Nilimpa chumba kinachotazama ziwa, kisha nikaona aibu kwa kumchagulia mzee asiyeona chumba chenye mandhari. Yeye hakulalamika. Alisema tu kwamba upepo wake ni mzuri.

Tulikuwa hatujakaa nyumba moja tangu nilipoondoka nyumbani kwenda kufundisha. Baba naye alikuwa mwalimu, kule Kagera, na Jumapili aliongoza bendi ya matarumbeta ya kanisa letu la Kilutheri. Ndiye aliyenifundisha kupuliza, nikiwa darasa la tano, kwa sababu mpulizaji wa sauti ya pili alikuwa ameng'olewa meno mawili ya mbele na Pasaka ilikuwa imekaribia. Wazee wa kanisa waliguna kuona msichana kwenye bendi. Baba akawaambia wamlete mvulana anayesoma noti. Hawakumleta.

Lakini tarumbeta ya kanisani ilikuwa jambo moja, na saksafoni jambo jingine kabisa.

Saksafoni niliikuta Mwanza. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na mjini kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa ambaye nyuma ya majora yake alihifadhi santuri za jazi za ujana wake. Siku niliyokwenda kununua kitambaa cha sare za kwaya, nilisikia ala inayolia kama mtu anayezungumza huku anajizuia kucheka. Nilisahau nilitaka mita ngapi.

"Mwalimu," yule mzee akaniambia, "kaa kwanza."

Nilikaa mpaka duka likafungwa, na Jumamosi nyingi baada ya hapo nilirudi. Alipohamia kwa watoto wake nje ya nchi, aliniachia saksafoni aliyoinunua zamani na kushindwa kuijua. "Mimi nilijaliwa masikio tu," alisema. "Wewe una mapafu pia."

Nikaanza kupiga kwenye hoteli moja ya ufukweni, Jumapili mchana, watu wakila sato. Baadaye nikaacha shule. Baba alinipigia simu mara moja tu kuhusu jambo hilo. "Sikukusomesha ili ukawapulizie watu wanaokunywa bia," alisema. Tangu siku hiyo simu zetu zikawa za salamu na hali ya hewa.

Hotelini ndipo aliponikuta muongozaji wa filamu, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwenye kuongea haraka. Alikuwa anatengeneza filamu fupi ya kuelimisha watu kuhusu kichocho, akaniomba niitungie muziki. Sikuwa nimewahi. Niliweka huzuni yote niliyokuwa nayo. Ilipoonyeshwa shuleni, mtoto kwenye picha aliingia majini kuogelea, saksafoni yangu ikalia kama kuna msiba, na darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani kujificha chini ya dawati. Muongozaji alicheka na wanafunzi, kisha akaniletea filamu nyingine. Ndivyo nilivyoijua kazi hii, kwa kuharibu na kurudia.

Mwaka ule baba alipohamia kwangu, muongozaji alikuwa amemaliza filamu yake ndefu ya kwanza. Ilimhusu mama anayewauzia abiria samaki wa kukaanga Busisi, kwenye foleni ya magari yanayosubiri kivuko. Daraja jipya linafunguliwa, magari yanapita bila kusimama, na mwisho mama anabeba beseni lake na kurudi nyumbani kwa miguu, akifuata ukingo wa ziwa. Mwendo huo wa dakika mbili na nusu, bila neno hata moja, ndio ulionishinda. Nilitunga mara nne, kwa saksafoni, piano na ngoma. Mara zote nne muongozaji alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Ni nzuri, dada. Lakini inaniamuru nilie."

Asubuhi moja nilikuwa sebuleni nikiurudia mwendo ule kwenye kompyuta. Baba alitoka chumbani akipapasa ukuta, nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huyo mtu unayempulizia kila siku, anafanya nini?"

Nilidhani anataka kunisema. Nikamwambia kwa kifupi kwamba ni mama anatembea.

"Anatembeaje?"

Nikaanza kumsimulia. Beseni liko kichwani. Mkono mmoja umelishika, mwingine unaning'inia. Ziwa liko kushoto kwake.

"Amevaa viatu?"

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara zisizo na idadi, na sikujua. Ilibidi niirudishe nyuma. Alikuwa peku. Ndala zake alikuwa amezishika kwenye ule mkono unaoning'inia, na alikuwa anatembea juu ya mchanga uliolowa, pale maji yanapofika na kurudi.

"Ameshika ndala mkononi," nikasema.

"Basi hana haraka," baba akasema. "Mama yako alikuwa hivyo akitoka mtoni. Mbona ngoma yako inamkimbiza?"

Mama tulikuwa hatujamtaja kwa wiki kadhaa. Kisha baba akapendekeza niweke wimbo wa kanisani, sauti zote nne, na nikamwambia hapana, huo hautafaa kabisa. Tukabishana. Alinuna mpaka chai ya saa nne. Lakini ngoma niliitoa, na piano pia. Nikabakiza saksafoni peke yake, chini, sauti inayokuja na kuacha nafasi kabla ya nyingine kuja. Muongozaji aliisikiliza mpaka mwisho, bila kutikisa kichwa. Aliniomba nimpigie tena.

Kuanzia hapo ikawa kawaida yetu. Kila nilipoanza kipande kipya, baba aliketi kando yangu nami nikamsimulia kinachoonekana: rangi ya khanga, nani ameinama, mlango uko wazi au umefungwa. Kwa kumsimulia nikajifunza kuona. Yeye aliuliza maswali ya kimwalimu, mengi hayakunisaidia, na machache yalinisaidia sana.

Filamu ilionyeshwa jioni moja kwenye ukumbi mmoja wa Mkolani, viti vya plastiki, kitambaa cheupe ukutani. Muongozaji alimwekea baba kiti cha mbele. Nilikaa karibu yake na kuanza kumnong'oneza: sasa mama anawasha jiko, sasa gari la kwanza linapita darajani. Ulipofika ule mwendo wa mwisho niliinama sikioni kwake, lakini baba akaniwekea mkono gotini.

"Nyamaza," akasema. "Nasikia."

Mkono wake ulibaki pale mpaka taa zikawashwa na watu wakaanza kupiga makofi.

Tulirudi kwa teksi. Tulipokaribia nyumbani baba akasema, "Noti ya mwisho umeiingiza kwa kuchelewa."

"Nilichelewa makusudi, Baba."

"Najua ni makusudi. Nakuambia tu kwamba nilikuwa naisubiri."

Sasa hata mwanga wa dirisha hauoni tena. Wiki hii tunafanya filamu ya wapishi wa harusi, na asubuhi nzima amenikatiza akitaka kujua ndizi zimemenywa au bado.