Shamba la Mzee Mwita Tulilolipita

Mwanangu, kaa hapo unisikilize, maana jambo hili silipendi kulisimulia. Nakumbuka siku moja hapa Susuni, msimu wa kulima ulezi, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na akili kidogo. Vijana wenzangu walikuwa wameniweka msimamizi wa risaga. Wewe umekulia Nyamisangura, hujui: risaga ni kulima kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba huwapikia watu pombe. Sheria yake ni moja tu. Asiyelima kwa wenzake, naye halimiwi.

Mzee Mwita alikuwa mgambo aliyekwenda vita vya Uganda. Kwenye risaga alikuja mara mbili. Alipiga jembe kidogo, akakaa chini, akashika kiuno. Hakueleza kitu, nasi hatukumuuliza. Tulisema vita vimemfundisha kukaa. Nilikuwa na mdomo siku hizo, wee acha tu.

Zamu yake ilipofika, mkewe alikuwa ameshapika pombe. Mzee alisimama kando ya njia, amevaa shati safi, anatungoja. Nikawaambia wenzangu tupite. Tukapita na majembe mabegani, tukiimba.

"Wanangu," akaita, "shamba ni hili."

"Mzee, asiyefanya kazi na asile," nikamjibu, tena bila shikamoo.

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akarudi ndani. Pombe yote iliharibika.

Jioni nikamsimulia baba, nikidhani atacheka. Baba alinawa mikono kabla hajamaliza kula.

"Kiunoni mwa Mwita kuna kipande cha bomu mpaka leo," alisema. "Hawezi kuinama. Yeye alipokuwa porini anapigwa risasi, mimi nilikuwa hapa nalima, na wewe unanyonya. Risaga yake alishaimaliza kule, tena alitulimia sote. Kesho uende ukamwombe radhi, ulime shamba lake."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilielewa, mwanangu, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini kesho yake sikwenda. Niliona aibu mbele ya vijana niliokuwa nikiwaongoza, nikasema tumalize kwanza shamba la huyu, halafu la yule. Mvua ikaanza. Siku moja nilimwona mzee kwa mbali, amepiga magoti, analima hivyo hivyo, mkewe anapanda nyuma yake. Nikabadili njia ili asinione. Hata hilo nalikiri.

Ulezi haujapaliliwa, mzee akaugua, akafa.

Risaga nzima tulikwenda. Kazi ya kwanza tuliyomfanyia Mzee Mwita ilikuwa kuchimba kaburi lake, na tulichimba kwa bidii, hakuna aliyekaa. Tulipomaliza, mkewe alituletea maji ya kunywa. Akanipa kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni, wanangu, mmefanya kazi." Afadhali angenitukana.

Sasa sikia. Wale waliokwenda vitani wamebaki wachache, na wanazidi kupungua. Yupo mmoja hapo jirani yenu, anatembea na mkongojo. Siku ya mashujaa mnampeleka Bomani, mnampa kiti cha mbele, mnapiga naye picha, halafu anarudi nyumbani peke yake kwa miguu. Hiyo siyo heshima. Mpe shikamoo kila siku. Mchotee maji, mpeleke hospitali, mlimie bila kungoja akuombe, maana hatakuomba. Muulize alikokuwa, umsikilize mpaka amalize. Akinyamaza, kaa naye. Na kosa ukilijua leo, litengeneze leo hii. Mimi langu nililijua jioni ile ile, na bado nilichelewa, na uzito wake ninao mpaka sasa.

Basi, Mungu akulinde, akupe mkono mwepesi wa kusaidia, na uzee wako ukute watu wa kuubeba. Nenda, mwanangu. Mpitie yule mzee kabla hujafika kwenu.