Doña Librada na Udongo wa Amapola

Siku Onofre Maestas alipomwona Doña Librada Casaús kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amekaa ndani ya shimo. Hakuwa ametumbukia. Alikuwa ameshusha kiti cha jikoni, akakiwekea mto, na pale chini penye ubaridi alikuwa akichambua maharage. Kutoka mbali ilionekana kofia tu, imekaa juu ya majani makavu kama imesahauliwa na mtu. Kisha kofia ikapiga chafya.

"Mnamtafuta nani?" kofia ikauliza.

Onofre alitazama koleo lake. Kuongea na watu kulimtoa jasho kuliko kuchimba, na kuchimba ndiko kulikokuwa kukimpatia riziki tangu alipomaliza shule ya msingi. Akamwachia bosi wake ajibu. Bosi alikuwa Hruska, kijana wa Nebraska aliyesomea udongo chuoni, mwenye masikio yaliyoungua na jua.

"Tunautafuta udongo wa Amapola, mama."

"Basi mmefika. Futeni viatu."

Amapola kiliwahi kuwa kijiji chenye posta, shule, ukumbi wa dansi na timu ya besiboli iliyokuwa haishindi. Ukame ulipozidi, watu walifunga virago wakaenda viwandani na kwenye migodi ya makaa. Posta ikahamishiwa Brandt, mji wa relini. Mwishowe wachora ramani nao wakalifuta jina. Akabaki Doña Librada na kuku wake.

Lakini kabla jina halijafutwa, mpima udongo mmoja alikuwa amepita akachimba shimo kwenye shamba lake, akakuta udongo usio na jina. Wapima wana desturi ya kuupa udongo jina la mahali palipo karibu, kwa hiyo akauita Amapola. Tangu hapo udongo wa namna ile, popote ulipoonekana kwenye miinuko ile mikavu, uliitwa hivyo. Watu wa kaunti tatu walilima Amapola, wakazikwa kwenye Amapola, wakakung'uta Amapola kwenye suruali zao, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua njia ya kufika Amapola.

"Tulikuwa nyumba chache na mbwa wengi," Doña Librada alipenda kusema. "Sasa tumeenea mpaka Texas."

Hruska alikuwa na habari mbaya. Alizieleza huku akiizungusha kofia yake mikononi. Ofisi ilikuwa imeanza mfumo mpya wa kuupanga udongo, na kila jina lilipaswa kukaguliwa upya kwenye shimo lake la nyumbani, yaani pale udongo ulipopewa jina mara ya kwanza. Amapola na aina nyingine iitwayo Brandt zilifanana kama mapacha. Zote zilikuwa na kina, zote hazikutuamisha maji, zote zilikaa kwenye miinuko isiyopata mvua ya kutosha. Tofauti yao ilikuwa chokaa. Amapola ulikuwa wa kahawia juu, mwekundu wenye mfinyanzi katikati, na chokaa nyeupe ilianza chini kabisa, karibu na mwamba. Brandt ulikuwa na chokaa tangu juu. Kama shimo la nyumbani lisingekuwa sawa na maelezo yake, Amapola ungeingizwa ndani ya Brandt, na jina lingefutwa.

Doña Librada alisimama shimoni, maharage yakamwagika.

"Brandt? Wametuchukulia posta. Wametuchukulia padri. Wakamwibia marehemu mume wangu Eligio lori lake mchana kweupe. Sasa wanataka na vumbi?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Utaratibu! Na wewe uliyeshika koleo, huna mdomo? Umeoa?"

"Hapana, Doña," alisema Onofre.

"Ndiyo, naona. Shuka uchimbe."

Onofre akatoa kiti, akashuka kwenye shimo hilo, ambalo ndilo lile la mpima wa zamani. Maelezo ya zamani yalisema mwamba ulikuwa kwenye kina cha kifua cha mtu, na kweli, alipofika hapo koleo liligonga kitu kigumu. Ila lilitoa mlio. Akagonga tena, akasikiliza.

"Chuma," akasema.

Walichimba mpaka jua likazunguka upande wa pili. Kwanza likatokea paa, kisha kioo, kisha taa mbili zilizojaa udongo. Lilikuwa lori la kijani, limesimama kwenye magurudumu yake yote, pua imeelekea Brandt.

Doña Librada alifuta udongo kwenye kioo kwa kiganja.

"Eligio," akasema. "Kumbe kile ndicho kisima."

"Kisima gani?" Hruska aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya paa la lori, mikono kichwani.

"Msimu mzima wa baridi aliniambia anachimba kisima. Kisha akaniambia hakuna maji, amekifukia. Wiki hiyohiyo akasema lori limeibwa." Akavuta pumzi. "Yule mwanamume hakuwahi kuijua gia ya kurudi nyuma. Akiegesha mbele ya ukuta, ndiyo basi. Akitaka kugeuza, anazunguka kaunti nzima. Watu wakaanza kumcheka dansini. Mimi pia nilimcheka. Kumbe aliona bora alizike."

Eligio alikuwa fundi katika jambo moja. Ili mkewe asigundue, aliurudisha udongo kwa mpangilio wake: mweupe chini, mwekundu katikati, wa kahawia juu, na majani akayatandika kama zulia. Miaka michache baadaye mpima udongo akaja na haraka zake, akagonga paa la lori, akaandika mwamba, akaondoka.

"Kaunti tatu," Hruska alinong'ona. "Kaunti tatu zimelinganishwa na paa la lori."

"Basi watu wa Brandt hawakuiba," Onofre alisema, kisha akashangaa kwamba amesema.

"Hilo ni shauri lao. Nimeshawachukia muda mrefu, siwezi kuanza upya na uzee huu."

Kilichokuwa kimebaki ni kutafuta mahali pengine Amapola penye Amapola wa kweli, udongo ambao haukuwahi kuguswa na mtu. Hruska alikubali kuongeza muda, ila si sana. Onofre alichimba karibu na banda la kuku: mwamba ukawa juu mno. Akachimba nyuma ya ukumbi wa dansi: hapakuwa na mwamba kabisa, alizama mpaka ikabidi wamtupie kamba. Doña Librada mwenyewe alikunja mkeka wa jikoni akaamuru wachimbe hapo, wakakuta majivu ya zamani na mifupa ya mbwa aliyemtambua kwa jina.

Siku ya mwisho Hruska alifunga mfuko wake wa vifaa. Alisema ataandika kwa ofisi kwamba hakuna Amapola, upo Brandt tu.

Doña Librada hakubisha. Aliwapakulia maharage na pilipili nyekundu, akakaa. Hakumuuliza Onofre atamwoa nani. Hakumwambia Hruska kwamba masikio yake yanafaa kuchomewa mikate. Onofre aliuona ukimya ule ni mbaya kuliko matusi yote aliyotukanwa mezani pale. Akatafuta neno la kumpoza, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengi akasema lililokuja kwanza.

"Don Eligio amelala wapi, Doña?"

"Juu kule makaburini. Naye alitutesa hadi mwisho. Waligonga mwamba, jeneza likabaki limesimama kidogo upande wa kichwani, yaani hata leo yuko kama mtu anayesoma gazeti."

Hruska aliacha kutafuna.

"Mwamba ulikuwa kina gani?"

Doña Librada akaweka mkono kifuani. Kisha wote watatu wakasimama, na kiti kimoja kikaanguka.

Makaburi ya Amapola yalikuwa kwenye mwinuko ambao haukuwahi kupitiwa na jembe la mtu. Yalikuwa yamejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kando ya Eligio, na ilikuwa ya Doña Librada.

"Chimba," akamwambia Onofre. "Hata hivyo ungenichimbia tu siku moja."

Onofre alichimba. Hruska aliulowesha udongo, akaukunja kati ya vidole, akautafuna kidogo kusikiliza mchanga kwenye meno, akaulinganisha na kitabu chake cha rangi. Kisha akatoa chupa ya tindikali. Penye chokaa, tindikali huchemka. Alidondosha tone kwenye udongo wa kahawia. Doña Librada alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa kikiningʼinia.

"Kimya!" akatangaza.

Tone kwenye udongo mwekundu.

"Kimya!"

Tone kwenye udongo mweupe, na povu likapanda kama maziwa yanayofurika jikoni. Onofre akagonga chini. Ulikuwa mwamba. Hruska akamwambia agonge tena, na tena, kwa pembe zote, kuhakikisha halikuwa lori.

"Ni Amapola," Hruska akasema.

Doña Librada aliketi juu ya kaburi la mumewe akafuta macho kwa upindo wa sketi. Hruska alianza kuandika mahali rasmi pa udongo huo, kisha kalamu ikasimama.

"Kuna jambo, mama. Shimo la nyumbani halitakiwi kuguswa. Wengine watakuja kulikagua baada yetu."

"Yaani nisife?"

"Ufe tu, mama. Ila si hapa."

"Hapa ndipo pangu! Kwa hiyo nikazikwe Brandt?"

Hruska alitembea kati ya misalaba, akarudi. Alisema kinachokaguliwa ni ukuta wa shimo, na yeye ameandika ukuta wa kaskazini. Mtu akilala upande wa kusini bila kugusa ukuta, hakuna sheria inayomkataza, maana walioandika sheria hawakufikiria watu wa Amapola.

"Nitaupa mgongo," Doña Librada akasema. "Nimelala na Eligio mgongo kwa mgongo maisha yangu yote."

Jina likabaki.

Baada ya hapo Onofre alikuwa akienda kila Jumapili kumpasulia kuni. Alikuwa akikaa jikoni anatukanwa, anakula, anarudi mjini. Baridi ilipokuwa inakwisha, alimkuta hainuki kitandani. Padri wa Brandt alikuwa ameshakuja, na alikuwa amelazimishwa kufuta viatu mara mbili. Doña Librada alikuwa mdogo sana chini ya blanketi. Alimwashiria Onofre ainame, na Onofre alivua kofia akainama.

"Ukinifukia, mweupe uende chini," akamwambia, "mwekundu katikati, wa kahawia juu. Eligio alilifanyia lori hivyo, wewe utashindwa kunifanyia mimi? Ukichanganya tu, Onofre, chokaa ikaja juu, nitakuwa nimelala Brandt mpaka siku ya kiyama."